Mama Anasomea Vitu Vilivyotulia

14 Februari

Mwanangu Sindano,

Hujambo, mwanangu? Bibi yako naye yu mzima? Mimi nimefika salama, mgongo tu ndio unaolalamika kwa sababu ya kiti cha basi. Mwambie Bibi ile dawa ya kikohozi aliyonifungia ilimwagikia sketi yangu ya kijani yote, kwa hiyo sketi haitakohoa tena.

Nimepanga chumba uani kwa fundi cherehani, mama mmoja mkimya ambaye mashine yake huanza kuongea kabla yake. Nina kitanda, meza, na msumari ukutani. Huo msumari ndio kabati langu.

Siku ya kwanza nilichelewa kidogo, nikaingia darasani na ule mkoba wangu wa ofisini. Darasa zima likasimama. "Shikamoo, mwalimu!" Nikageuka nione ni nani anayeingia nyuma yangu. Hakuna mtu. Kumbe ni mimi! Kijana mmoja mrefu kama mlingoti alisogea akanipa nafasi, akaninong'oneza, "Samahani mama, tulidhani wewe ndiye." Sasa mimi namwita Mrefu, naye na wenzake wananiita Mama Boriti, maana siku hiyohiyo niliuliza swali kuhusu boriti lililomchekesha hata mhadhiri. Mhadhiri mwenyewe wanamwita Chaki. Akisisitiza neno lazima chaki ivunjike, na yeye husisitiza sana.

Somo lake linahusu vitu vilivyotulia: daraja, paa, ngazi iliyoegemezwa ukutani. Alituambia, "Msidhani kitu kikitulia ndiyo hakisukumwi. Kinasukumwa kila upande, ila misukumo imelingana." Unakumbuka nilivyokuwa nachapa ripoti za wahandisi pale ofisini? Nikiuliza namba hii maana yake nini, jibu ni moja: "Wewe chapa tu, mama." Nimechoka kuchapa tu.

Masomo yanakwenda vizuri.

Siku ya kuondoka nilikutafuta mpaka dereva akakasirika. Bibi alisema umekwenda dukani kununua chumvi. Natumai ilipatikana.

Nakupenda,
Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, Bibi mzima, paka wa jirani naye mzima. Barua yako ilifika siku nyingi. Nilikuwa na kazi nyingi.

Bibi anauliza utarudi lini. Mimi siulizi.

Mwalimu wetu wa uraia alituuliza wazazi wetu wanafanya kazi gani. Nikasema mama yangu ni mwanafunzi. Walicheka mpaka kengele ikalia. Mmoja aliuliza kama ni mimi ninayekusahihishia madaftari.

Nimesoma ile sehemu ya vitu vilivyotulia. Mbona unasomea kutulia na wewe mwenyewe hukutulia?

Chumvi ilipatikana.

Binti yako


4 Aprili

Mwanangu Sindano,

Salamu zangu kwako, kwa mama yangu, na kwa huyo paka kwa kuwa amekuwa mtu wa familia. Huku mvua inanyesha na fundi cherehani ameanza kunisalimia kwa sauti. Maendeleo hayo.

Nilipofika kwenye swali lako nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ni kweli, sikutulia. Baba yako alipofariki nilitulia kwenye kiti kimoja cha ofisi miaka yote unayoikumbuka, na kila mtu alinisifu. "Mama huyu ametulia." Ungejua ilivyonichosha sifa hiyo. Sikukuacha, mwanangu. Nimekwenda mahali, na mahali penyewe ni mbali. Najua ukiwa jikoni peke yako hayo mawili yanafanana.

Ngoja nikuonyeshe tunachofanya huku, usije ukadhani tunatazama kuta siku nzima. Unachagua kitu kimoja, tuseme kiti. Unakichora peke yake kana kwamba duniani hakuna kingine. Kila kilichokuwa kinakigusa unakiondoa, na mahali pake unaweka mshale. Sakafu iliyokuwa inakisukuma juu inakuwa mshale. Mtu aliyekikalia anakuwa mshale. Halafu mishale yote lazima ilingane, la sivyo kiti kingekuwa kimeondoka. Wanauita mchoro wa nguvu, na Chaki anasema ukishindwa huo mengine yote usijisumbue.

Tulifanya jaribio la kwanza. Matokeo bado.

Kula vizuri.

Mama yako


2 Mei

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Bibi amegombana na redio kwa sababu wamembadilisha yule msomaji wa taarifa aliyempenda, na huyu mpya anasema anasoma kama mtu anayefukuzwa. Anaizima akianza, anaiwasha akimaliza. Ameniambia nikusalimie sana na uache kulala na nywele mbichi.

Umeandika "Matokeo bado." Tangu nikujue hujawahi kumaliza habari kwa maneno mawili. Umepata ngapi?

Halafu kuna jambo limetokea hapa na mimi ndiye ninayelaumiwa. Nilianika lile blanketi kubwa katikati ya kamba ya uani. Kamba ikabonyea, ncha ya blanketi ikagusa udongo. Bibi akasema, "Ikaze." Nikaikaza. "Bado, ikaze tena." Nikaikaza mpaka ikanyooka kama rula. Nikarudisha blanketi, nikageuka kuchukua ndoo, nikasikia paa! Ndoano imeng'oka na kipande cha ukuta, blanketi limelala matopeni. Bibi anasema nimevunja nyumba ya marehemu mume wake. Mimi nasema nilifuata amri.

Sasa wewe uliye chuoni. Kamba ilipolegea haikung'oa kitu. Ilipokazwa ikang'oa. Blanketi ni lilelile na maji ni yaleyale. Hiyo nguvu ya ziada ilitoka wapi?

Nijibu, maana mpaka sasa naosha vyombo vyote peke yangu kama adhabu.

Binti yako


26 Mei

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu na sitasingizia posta.

Nilipata kumi na tisa kwa mia. Nilikuwa nayo karatasi mkononi siku ile nilipokuandikia kwamba bado. Vijana walio na umri wa kuwa wadogo zangu wa mwisho walipata themanini, na mmoja akaniambia, "Pole, mama, ni mambo ya ujana haya," tena kwa nia njema, na hiyo nia njema ndiyo iliyonikata maini. Mtihani mkubwa ni Agosti. Anayeshindwa anaondolewa, harudii.

Nimesoma kama mwendawazimu tangu hapo na kila nikichora naona mishale inanichekea. Kuhusu kamba yako, sijui. Nimejaribu. Kamba ya kuanikia nguo, kitu nilichokitumia maisha yangu yote, na sijui. Hilo limeniuma kuliko kumi na tisa.

Nimefungasha begi. Mkuu wangu wa kazi alisema nafasi yangu bado ipo. Nafikiri nitakuja mwishoni mwa Juni, nitengeneze huo ukuta, nikae na ninyi. Usimwambie Bibi kwanza.

Mama


4 Juni

Mama,

Shikamoo. Naipeleka barua hii posta leo hiihii ilipofika ya kwako.

Usije.

Sitaki uelewe vibaya. Niliposoma kwamba umefungasha, nilifurahi. Niliruka kabisa, Bibi akauliza kuna nini, nikasema nimekanyaga kitu. Nikaanza kufikiria tutakavyokaa, nani atalala upande gani. Halafu nikasoma tena pale uliposema hujui, na nikakuona umekaa kwenye kile kiti cha ofisi, watu wanakupa makaratasi, unachapa. Nikajua ukirudi hivi utakuwa hapa na hutakuwa hapa. Nitakuwa na mama anayetazama ukuta. Mimi nilitaka urudi, lakini sikutaka urudishwe.

Siku uliyoondoka sikwenda dukani. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji, nakuona. Nilikuwa nimekasirika, na sijamaliza kukasirika. Nitamaliza ukija na jibu la kamba.

Fungua begi. Usiniandikie salamu ndefu. Niandikie kamba inafanya nini, polepole, kama mtu ambaye ndiye atakayepanda kurudisha ndoano, kwa sababu ni mimi. Mwalimu wetu wa hesabu ameanza kutufundisha pembe, kwa hiyo usiogope kuweka pembe. Ukikosea nitakuambia.

Binti yako


27 Juni

Sindano wangu,

Salamu fupi kama ulivyoagiza: hamjambo, sijambo. Begi nimelifungua.

Nilipopata barua yako nilitoka nje na ndoo ya maji, nikaifunga katikati ya kamba ya fundi cherehani, nikaanza kuikaza na kuilegeza, kuikaza na kuilegeza. Fundi alisimama mlangoni, futi yake shingoni, akauliza kama nina homa. Nilipohisi kwa mikono yangu kwamba kamba ikinyooka inanivuta kama punda, nilijua swali lako ni la kweli. Kwa nini, bado sikujua. Nikaenda ofisini kwa Chaki.

"Nichoree blanketi," akasema.

Nikachora. Blanketi, kamba, ndoano, ukuta, nguzo, nusura nimchore na Bibi. Mishale ilijaa kama miiba ya nungunungu.

"Huu nani anamvuta nani?"

"Blanketi linaivuta kamba."

"Na huu?"

"Kamba inalivuta blanketi."

"Na unayemchora ni nani?"

"Blanketi."

"Sasa mbona umechanganya analotenda na analotendewa?"

Alisema tena, safari hii bila kuvunja chaki: "Mama, chora analotendewa tu. Analotenda ni habari ya mwingine." Nikarudi chumbani nikatoa karatasi ya kumi na tisa. Kosa lilikuwa hilohilo ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilikuwa namhesabia kila mtu mara mbili.

Haya, kamba. Tazama pale blanketi linapoishikilia, pale tu. Pana mishale mitatu. Mmoja unakwenda chini, uzito wa blanketi. Miwili inapanda na kamba, mmoja kushoto na mmoja kulia. Inavutana pembeni na kumalizana yenyewe kwa yenyewe. Kinachobeba blanketi ni ile sehemu ya mvuto inayoelekea juu, basi. Kamba iliyolegea inapanda kwa pembe kubwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mvuto wake inabeba. Kamba uliyoinyoosha karibu yote inavuta pembeni, na kinachoelekea juu ni kidogo mno. Lakini blanketi halina huruma, bado linataka kubebwa lote. Basi kamba inalazimika kuvuta kwa nguvu nyingi sana ili hicho kidogo kitoshe. Ikipanda kwa digrii tano tu, kila upande unavuta karibu mara sita ya uzito wa blanketi. Na ukitaka inyooke kabisa na blanketi likiwa juu yake, hakuna nguvu itakayotosha, ukuta wowote utakuja.

Kwa hiyo iache ibonyee. Kama blanketi linagusa chini, funga kamba juu zaidi.

Kosa si lako. Ni la Bibi, ila ukimwambia nitakana.

Kuhusu tangi la maji: nilikuona. Viatu vyako vyeupe vilikuwa vinaonekana. Nilimwomba dereva asubiri nikidhani utatoka.

Mama yako


30 Julai

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani na mambo mengine. Mwalimu wa hesabu aliangalia kamba yako, akasema ni sawa kabisa, akaiandika ubaoni na kuwaambia wenzangu imetoka chuoni kwa mama yangu. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule wa madaftari aliomba kunakili.

Ndoano nimeirudisha, nimeiacha kamba ibonyee, na haijang'oka. Shule ni nzuri. Hali ya hewa ni nzuri. Paka ni mzuri.

Nina swali lingine. Mtu amelazwa juu ya mlango uliotolewa kwenye bawaba zake, anabebwa na watu wawili, mmoja upande wa kichwa, mmoja upande wa miguu. Mtu mwenyewe ni mnene kidogo. Kati ya hao wawili, nani anabeba zaidi? Wa miguuni anaweza kusema mikono yake ilikufa ganzi siku nzima na bado yeye ndiye aliyebeba kidogo?

Ni swali la darasani tu.

Soma sana kwa ajili ya Agosti.

Binti yako


8 Agosti

Mwanangu,

Chukulia kwamba mlango unataka kuzunguka pale mikononi mwa yule wa miguuni. Uzito wa mtu unauzungusha kwenda chini, mikono ya wa kichwani inauzungusha kwenda juu, na hayo mawili lazima yalingane, yaani nguvu mara umbali wake. Mtu ni mzito kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa hiyo uzito wake uko karibu zaidi na wa kichwani. Yeye ndiye anayebeba zaidi. Wa miguuni anabeba kidogo, na mikono yake inaweza kufa ganzi vilevile. Hajadanganya.

Sasa nami nina swali, na langu si la darasani. Barua yako ina shule, ina paka, ina hali ya hewa. Bibi hayumo. Hajanisalimia, hajagombana na mtu, hajasema lolote kuhusu nywele zangu. Nani alibebwa juu ya mlango?

Nimekwenda posta kupiga simu kwa seremala jirani yenu, simu haipiti. Mtihani ni tarehe ishirini na saba. Ukisema nije, naja leo. Usinifiche, mwanangu. Mimi ndiye niliyeanzisha mchezo huo na "matokeo bado", na umeona ulikonifikisha.

Mama


17 Agosti

Mama,

Shikamoo. Bibi aliteleza bafuni katikati ya Julai, akavunjika mfupa wa paja. Seremala aling'oa mlango wa karakana yake, akashika kichwani, mimi nikashika miguuni, tukampeleka mpaka barabarani kwenye gari. Njia nzima Bibi alikuwa anatuelekeza pa kukanyaga.

Ni yeye aliyenikataza. Alisema, "Ukimwandikia mwanangu kabla hajamaliza mtihani, nitapona kwa hasira nije nikuchape." Kwa hiyo sikuandika, niliuliza tu. Nadhani nilitaka ujue bila mimi kusema.

Yuko hospitali. Wamemfunga kamba mguuni, inapita kwenye gurudumu dogo mwisho wa kitanda, na inaning'iniza vyuma vizito vinavyouvuta mguu mchana na usiku. Kitanda wamekiinua upande wa miguu. Wiki za kwanza Bibi alimwomba kila aliyepita avitoe: nesi, daktari, mfagiaji, hata wageni wa wagonjwa wengine. Alilia, Mama. Sijawahi kumwona akilia.

Siku moja nikachukua karatasi nikamchora peke yake, kama ulivyoniambia, kila kinachomgusa nikaweka mshale.

Akatazama. "Huyu ndiye mimi? Mbona nimekuwa yai?"

Nikamwonyesha. Vyuma vinamvuta kuelekea miguuni, na kwa kuwa kitanda kimeinama, uzito wake mwenyewe unamvuta kurudi kichwani, na godoro nalo linamshika. Vinapolingana mfupa unatulia mahali pake na unaunga. Vyuma vikitoka, misuli inaukunja mguu na mfupa unapandana.

Akafikiri. "Kwa hiyo mimi mwenyewe ni sehemu ya mashine?"

"Ndiyo, Bibi. Bila uzito wako haifanyi kazi."

Tangu hapo hajamwomba mtu. Sasa anamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili, na anaeleza vibaya, lakini anaeleza kwa kujiamini.

Mchana naenda shule, jioni hospitali. Mke wa seremala ananipikia. Nimechoka, na ningependa uje hata leo, sitakudanganya. Lakini nimemuuliza daktari, anasema mfupa unaunga vizuri na itachukua wiki nyingi bado. Mguu utakusubiri, mtihani hautakusubiri. Fanya, kisha uje.

Binti yako


28 Agosti

Mwanangu,

Barua yako ilinifikia nikiwa na siku chache tu. Nilichukua begi, nikaenda kituoni, nikapanda basi. Nilikaa dirishani, nikaisoma tena yote. Niliposoma "Fanya, kisha uje" kwa mara ya pili, niliona si maneno ya mtoto anayejikaza kumfurahisha mama yake. Ni maagizo ya mtu ambaye amepima. Umebeba mzigo wako na ukaniambia wangu ni upi. Nikamwambia kondakta anishushie begi. Alinitukana kidogo, ana haki.

Mrefu alinikuta njiani narudi, analia yeye, si mimi. Alikuwa ameogopa mtihani kuliko mimi nilivyodhani kijana anaweza kuogopa. Tukakaa kwa fundi cherehani, tukachora mpaka akatufukuza.

Jana nimeufanya. Swali la mwisho lilikuwa la bango zito linaloning'inia ukutani kwa fimbo na waya. Mishale ya mwanzo niliichora yote mara mbili. Nikajiambia: analotendewa tu. Nikaanza upya, nikachora polepole, na nilipomaliza mishale ilikaa. Sijui nimepata ngapi. Najua nilichokuwa nafanya.

Barua hii naiweka posta nikielekea kituoni. Huenda nikafika kabla yake, basi utaisoma nikiwa nimekaa pembeni yako.

Mama


12 Oktoba

Sindano wangu,

Hujambo, na mama yangu hajambo huko kitandani kwake? Mwambie ile kanga aliyonilazimisha kuichukua fundi ameikunja pindo bure, na ameuliza kama aliyeichagua anauza.

Bado nawaza zile wiki tatu nilizokaa nanyi. Nilitegemea utanikimbilia. Ulitoka wodini na ndoo, ukaniona, ukaenda kwanza ukamwaga maji, ukaiosha ndoo, ukaitundika, ndipo ukaja. Uliponishika sikuweza kupumua. Na asubuhi ya kuondoka, niliposema labda nisirudi chuo, ulikuwa tayari umeshaikunja sketi ya kijani.

Matokeo yametoka. Nimepata hamsini na nne. Pasi ni hamsini. Chaki aliniita, akaniambia, "Mama Boriti, hamsini na nne si alama ya kujivunia."

"Sijivuni, mwalimu. Nimepita."

"Muhula ujao ni vitu vinavyokwenda. Ni vigumu zaidi."

"Nitakuja."

Akanitazama, akacheka, akaniambia nisichelewe siku ya kwanza.

Mrefu hakupita. Sheria imemwondoa, lakini amekata rufaa na wamemkubalia kufanya mtihani mwingine Desemba. Kila Jumamosi anakuja uani na karatasi zake. Nikimwona anaweka mishale miwili mahali pa mmoja, naumia kuliko nilivyoumia kwa zangu. Tutaona.

Niambie wametoa vyuma lini. Niambie lolote, zuri na baya, hata kama Bibi amekataza.

Mama yako


6 Novemba

Mama,

Shikamoo. Hongera kwa hamsini na nne, na mwambie Mrefu nimesema asikate tamaa. Mimi nimehamishiwa zamu ya asubuhi shuleni, kwa hiyo mchana wote nakuwa na Bibi. Amekusalimia mara nyingi sana, nimechoka kuandika zote.

Vyuma walitoa wiki mbili zilizopita, lakini walimwacha alale kwanza. Alhamisi ndiyo nesi alisema, "Leo tunasimama." Bibi akasema, "Tunasimama na nani? Wewe umeshasimama." Mguu wake umekuwa mwembamba, Mama, nilipouona nilitaka kutazama pembeni, nikajizuia.

Tulimkalisha ukingoni mwa kitanda kwanza, akapumzika. Nesi akamshika kushoto, mimi kulia. Tukamwinua. Alikuwa mzito mkononi mwangu, uzito wake wote, na nikasikia anavyohema. Akaweka mguu mbaya chini taratibu, kama mtu anayejaribu maji.

Nesi akaachia upande wake. "Sasa na wewe mwachie."

"Sitaki."

"Mwachie, binti. Yuko tayari."

"Bado."

Bibi akanigeukia. "Niachie wewe, unanibana."

Nikaachia. Mkono wangu niliuacha hapohapo karibu yake, wazi, bila kumgusa. Akayumba kidogo mbele, akayumba kidogo nyuma. Halafu akaacha kuyumba. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na hakuna mtu aliyemshika.

Akainua kichwa, akatazama dirishani muda mrefu.

"Kumbe leo kuna upepo," akasema.

Binti yako